Je, Wajua? Mkono wa Mtoto na Kalamu

1. Kifundo cha mkono kina mifupa 8 midogo. Kwa kawaida mtoto huzaliwa yote ikiwa bado gegedu, na mfupa wa mwisho huanza kuwa mgumu mtoto akiwa na miaka 8 hadi 12. Basi usimharakishe mtoto wa miaka 3 kujaza daftari.

2. Kalamu hushikwa kwa gumba, kidole cha shahada na cha kati. Vidole hivyohivyo ndivyo humenya karanga, huchambua mchele, hutunga shanga na kufinyanga udongo. Jikoni kwako kuna darasa la mwandiko lisilo na ada.

3. Mtoto kuandika b badala ya d si ujinga. Kikombe ukikigeuza mkono wake kushoto au kulia, kinabaki kikombe. Herufi b ukiigeuza, imekuwa d! Ubongo wa mtoto unahitaji muda kulizoea jambo hilo. Wengi huacha wakikaribia miaka 7 au 8.

4. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walipiga picha za ubongo wa watoto wa miaka 5 wasiojua kusoma. Sehemu zinazotumika kusoma ziliamka walipotazama herufi walizoziandika wenyewe kwa mkono, si zile walizozibonyeza kwenye kibodi.

5. Takriban mtu 1 kati ya 10 hutumia mkono wa kushoto. Mtoto wako akiwa mmoja wao, usimpige wala usimbadilishe. Lilaze daftari lielekee kulia kidogo, aone anachoandika.

6. Kiswahili kina irabu 5, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, hivyo mtoto huweza kuandika anavyosikia. Mtoto akiandika “buzi” akimaanisha mbuzi, ameshasikia sauti 4 kati ya 5. Msifu kwanza, kisha litamkeni neno pamoja polepole mpaka m isikike.

7. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu, watoto waliandika juu ya ubao, kisha wakauosha na kuanza upya. Kosa halikuwa doa la kudumu.

8. Mshairi Mwana Kupona alitunga utenzi wake maarufu mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Mtoto naye huandika kwa moyo akiwa na mtu wa kumwandikia.

Leo kabla ya kwenda sokoni, mpe mtoto karatasi aandike: unga, nyanya, chumvi. Kisha nunua kwa kuifuata orodha yake, naye akuone ukiisoma.