Adabu za Mgeni: Funzo la Mkuyu wa Mutomo



Likizo ikikaribia, wengi wetu hufunga safari kwenda bara, kwa marafiki na wakwe wasiokuwa wa dini yetu. Wako pia wafikao hadi Sri Lanka na Thailand, nchi za Mabudha, ambako mgeni huvua viatu aingiapo hekaluni na mwanamke hamgusi mtawa. Adabu hizo za mbali watu huziuliza mapema. Za karibu hatuziulizi, tukidhani twazijua. Leo twaeleza yaliyotupata Mutomo, katika Kaunti ya Kitui.

Tulikwenda sisi na ahali zetu kumpa pole jirani yetu wa miaka mingi, Mkamba, aliyefiwa na mamake. Adhuhuri ilipoingia, mwanetu aliona mkuyu mkubwa kando ya boma, kivuli chake kimetanda, akaenda kutandika msala. Mzee mmoja aliinuka upesi akamzuia. Kijana akajibu kwamba ardhi yote ya Mungu ni mahali pa kuswalia. Watu wakanyamaza. Tulikuwa karibu kuzusha ugomvi katikati ya msiba wa wenyewe.

Tulimwita mwanetu, tukamwuliza mzee kulikoni. Alisema hapo ni ithembo, mahali pa tambiko pa wazee wa kale. Mti haukatwi, wala hapaingiwi ovyo, hata na wajukuu wao waendao kanisani. Tukaomba radhi. Naye akatuuliza twaelekea wapi tuswalipo, tukamwonyesha kaskazini. Akatwaa ufagio, akatufagilia nyuma ya ghala, kisha akakaa kando akifukuza kuku mpaka tukatoa salamu.

Usiku tulimweleza mwanetu kwamba Hadithi aliyoitegemea ni ya kweli, lakini haimpi mtu idhini ya kuingia mahali pa wenyewe bila ruhusa. Suratul An'am, aya ya 108, yatukataza kuwatukania wengine wanavyoviabudu. Suratul Mumtahina, aya ya 8, haitukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Hatukushiriki tambiko, wala hatukulidharau. Mambo hayo mawili yakaa pamoja bila taabu.

Kwa watakaosafiri, twausia haya.

Kwanza, njia. Kutoka Mombasa, treni ya kaunti hadi kaunti husimama Kibwezi. Kutoka hapo barabara yapita Ikutha hadi Mutomo. Masafa yapita kilomita 300, basi mwenye safari ana ruhusa ya kupunguza Swala. Kibla huko ni kaskazini, kikielemea mashariki kidogo sana.

Pili, maji. Mutomo ni nchi kavu, na maji yaliyo jikoni huenda yameletwa kwa punda kutoka mbali. Chukueni yenu ya udhu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita. Nasi tusimalize mtungi wa mama wa watu.

Tatu, chakula. Pigeni simu kabla ya siku, mseme wazi habari ya nyama. Mwenyeji akiambiwa mapema hufurahi, na pengine atawangoja mchinje wenyewe. Akiambiwa sahani imekwisha kuwekwa mbele yenu, huumia. Isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ni chakula cha heshima kwao. Ulizeni tu kama yametiwa mchuzi wa nyama.

Nne, mikono. Wakamba husalimiana kwa kupeana mikono. Dada asiyempa mkono mwanamume auweke kifuani na kuinama kidogo, na mwenyeji awaeleze watu mapema, ili asidhaniwe ana kiburi.

Tano, ibada ya mazishi. Kaeni kwa utulivu, msishiriki sala zao, msinong'one wala msicheke.

Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka Mombasa kuuza pembe za ndovu. Ujirani wetu ni wa zamani, usivunjwe na msala uliotandikwa pasipo kuuliza. Mzee yule alipotuaga alimshika mwanetu mkono, akamwambia akirudi atamkuta pale nyuma ya ghala pamekwisha kufagiliwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wageni wenye adabu. Amin.