Bei ya Mafuta Ndiyo Muuzaji wa Magari

Mtu akienda kununua gari huuliza mengi: mwaka wa kutengenezwa, rangi, hata redio. Swali la gari linakula lita ngapi huja mwisho, na pengine haliji kabisa. Lakini bei ya mafuta ikipanda, swali hilo huwa la kwanza.

Tazameni Marekani, nchi inayosifika kwa magari makubwa. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliinyima mafuta kwa sababu ya kuisaidia Israeli vitani. Pipa lililokuwa likiuzwa kama dola 3 lilikaribia dola 12 katika miezi michache, na foleni zikajaa vituoni. Magari madogo ya Kijapani, yaliyokuwa yakichekwa na wengi, yakaanza kutafutwa. Mwaka 1975 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwabana watengenezaji, na lengo likawa wastani wa karibu kilometa 12 kwa lita ifikapo 1985.

Mwaka 1986 bei ikaporomoka. Je, somo lilibaki? Thubutu! Katika miaka ya 1990 familia za mijini, ambazo hazikuwa na shamba wala mlima wa kupanda, zilinunua magari makubwa ya aina ya jipu. Sheria ile iliyahesabu kuwa malori madogo, ikayalegezea kamba. Halafu mwaka 2008 galoni ikavuka dola 4. Mei mwaka huo Honda Civic ndogo iliuzwa kuliko pikapu maarufu ya Ford, na kufikia 2010 utengenezaji wa Hummer ulikuwa umekwisha. Mafuta yaliposhuka tena mwishoni mwa 2014, wanunuzi nao wakarudia makubwa.

Sisi hapa Tanzania hali yetu ina jambo la ziada. Magari yetu mengi ni mitumba kutoka Japani, kwa hiyo tunachagua katika yale aliyoyachagua Mjapani miaka mingi iliyopita, kwa bei ya mafuta ya kwao na ya wakati wao. Agosti 2022 lita ya petroli Dar es Salaam ilipofika shilingi 3,410, hatukuweza kuagiza kiwandani gari la kufaa bei hiyo. Tuliyonayo ndiyo tuliyoendesha.

Tena mafuta yakipanda, gari kubwa hushuka bei, maana mwenye nalo anataka kulitua. Dalali atakuambia umepata bahati. Hebu tupige hesabu, lita tuiweke shilingi 3,000. Mwenye kwenda kilometa 1,000 kwa mwezi, gari lake likienda kilometa 6 kwa lita, atalipa shilingi 500,000. Likienda 12, atalipa 250,000. Tofauti kwa mwaka ni shilingi milioni 3, na punguzo la dalali huenda lisifike hapo.

Hesabu hii ina mtego mmoja. Anayetoka gari la kilometa 15 kwa lita kwenda la 20 ataokoa shilingi 50,000 kwa mwezi. Anayetoka la 6 kwenda la 8, hatua inayoonekana ndogo, ataokoa 125,000. Ajabu ni kwamba anayehangaika zaidi kutafuta gari la kubana mafuta mara nyingi ni yule wa kwanza.