Dar hadi Mwanza saa moja na nusu, kifaranga afika Bariadi lini?

Mfugaji wa Bariadi anayeagiza vifaranga wa siku moja kutoka Dar es Salaam hulazimika kuamua jambo moja mapema: waje kwa ndege au kwa basi? Wengi huchagua ndege, wakisikia kuwa safari ni saa moja na nusu tu. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inaishia Mwanza.

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi Uwanja wa Mwanza ni takriban kilomita 850 angani. Ndege ya jeti hutumia saa moja na dakika ishirini hivi; ya pangaboi hukaribia saa mbili. Lakini mzigo hupelekwa uwanjani mapema, na ukishashuka Mwanza husubiri kutolewa. Kisha kuna barabara ya kupitia Magu na Lamadi, karibu kilomita 190, ambayo kwa gari la kawaida ni saa tatu hadi nne. Ukijumlisha yote, kifaranga amekuwa njiani saa tisa au kumi, na ndege ikichelewa zaidi ya hapo.

Basi linalopita Shinyanga na Maswa husafiri zaidi ya kilomita 1,100. Kwa mwendo wa juu unaoruhusiwa wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni saa 14 bila kusimama popote. Ukiweka mizani, chakula na abiria wa kushuka, zinafika 18 au 20. Zamani mabasi yalilala njiani, na hapo basi halikuwa la kufikiriwa. Tangu Oktoba 2023 yameruhusiwa kusafiri usiku, na mambo yamebadilika.

Kifaranga aliyeanguliwa hubaki na kiini cha yai tumboni, kinachomwezesha kuishi hadi saa 72 bila chakula wala maji, ingawa kila saa inayozidi humdhoofisha. Kwa hiyo saa 20 za basi peke yake hazimuui. Kinachoua ni buti la basi lisilopitisha hewa, makasha yaliyobebanishwa chini ya magunia, na zile saa ambazo hakuna anayezihesabu: vifaranga walioanguliwa juzi wakiuzwa kama wa leo.

Ndege nayo ina gharama yake. Makasha ya vifaranga ni mepesi lakini yanajaza nafasi, na mzigo wa namna hiyo hutozwa kwa nafasi badala ya kilo. Kwa kasha moja au mawili, anayelipa ndege na bado akakodi gari kutoka Mwanza anaweza kuiona faida yote ikiishia njiani. Wafugaji watano wakiagiza pamoja, hesabu ni nyingine.

Kabla ya kulipa, muuzaji aulizwe saa ya kuanguliwa na iandikwe kwenye kasha. Nyumbani, chumba kiwe kimefikia nyuzijoto 32 hadi 35 gari likiwa bado Lamadi.