Mwenye Kisa Akisimulie Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Watengenezaji wengi wa filamu za hali halisi hutenda kana kwamba methali hii hawajapata kuisikia. Huingia kijijini na kamera, wakahoji, wakaondoka. Kisha huko mjini wakaamua peke yao maneno yapi yabaki na yapi yatupwe. Aghalabu mwanakijiji hata filamu yenyewe haioni.

Siku hizi zipo filamu za intaneti ambazo mtazamaji hujichagulia njia ya kuzifuata, nasi twaambiwa kwamba huko ndiko kuishirikisha jamii. Nina shaka. Kubonyeza vitufe si kushiriki. Hata hivyo, ipo kazi moja ninayoistahi: Quipu Project ya nchini Peru, iliyotolewa mwaka wa 2015 na Maria Court na Rosemarie Lerner.

Kati ya 1996 na 2000, chini ya utawala wa Rais Alberto Fujimori, wanawake zaidi ya 270,000 walifungwa uzazi kwa upasuaji. Maelfu kati yao wamelalamika kwamba walilazimishwa au walihadaiwa. Wengi walikuwa maskini wa mashambani, wasemaji wa Kikechua.

Vijijini mwao intaneti ilikuwa adimu, lakini simu zilikuwepo. Basi ikaundwa laini ya simu isiyo na malipo. Mtu alipiga, akasimulia yaliyomfika kwa Kikechua au Kihispania, na akasikiliza ya wenziwe wa vijiji vingine. Sauti hizo ziliwekwa kwenye intaneti pamoja na tafsiri. Wasikilizaji wa ng'ambo nao waliweza kurekodi majibu, yakarudishwa kwa wenyewe kupitia simu ile ile. (Quipu, kwa wasiojua, ni nyuzi za mafundo ambazo Wainka walihifadhia hesabu na kumbukumbu zao.)

Kwangu mimi mwanaisimu, uzito wa jambo hili umo katika lugha. Ridhaa huombwa kwa lugha, na asiyeielewa lugha ya daktari hawezi kusemwa kuwa ameridhia kisu. Kwa hiyo ushahidi unaotolewa kwa Kikechua, kwa pumzi na vituo vya msemaji mwenyewe, una nguvu ambayo tafsiri pekee haiwezi kuibeba.

Wanafunzi hunijia na rekodi za wazee wa kwao, sauti ya Kidawida au ya Kitharaka imefunikwa na Kiingereza cha msimulizi. Huwauliza kama mzee ameisikiliza kazi hiyo na kuikubali. Wengi hutazama chini.