Kwa Nini Sauti Fulani Humtia Mtu Wasiwasi?

Mwaka 1972 kikundi cha Tangerine Dream cha Berlin ya Magharibi kilitoa Zeit, yaani "Wakati", muziki uliojaza santuri mbili. Una vipande vinne tu, na kila kipande huchukua upande mzima wa santuri. Hauna uimbaji, wala mdundo wa kuchezeka. Ala za nyuzi na za umeme huvuma polepole, kwa muda mrefu. Muziki wa namna hii, ambao waandishi wa Uingereza waliupachika jina la krautrock, huwaburudisha baadhi ya wasikilizaji na kuwatia wengine hofu. Je, hofu hiyo imo ndani ya santuri, au imo ndani ya msikilizaji? Swali hili si la Wajerumani peke yao. Kama tutakavyoona, linazihusu pia ala za hapa kwetu.

Sababu ya kwanza ni ya kifizikia. Sauti ni mtetemo wa hewa. Zikilia kwa pamoja sauti mbili, moja ya mitetemo 440 kwa sekunde na nyingine ya mitetemo 443, mawimbi yake mara huungana, mara hupingana. Sikio husikia sauti moja inayopanda na kushuka mara 3 kwa sekunde, yaani 443 kutoa 440. Kupanda na kushuka huko huitwa mapigo. Mapigo yakifikia 30 hivi kwa sekunde, sikio haliwezi tena kuyahesabu, nayo sauti huwa ya kukwaruza. Mtaalamu wa Kijerumani Hermann von Helmholtz alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1863. Ala kadhaa zikivuma kwa sauti zilizokaribiana, mkwaruzo huo huendelea bila kumpa msikilizaji nafasi ya kupumua.

Sababu ya pili imo katika ubongo, ambao kila wakati hubashiri kitakachofuata. Kengele ikigongwa, sauti huanza kwa nguvu kisha hufifia. Klaus Schulze, katika santuri yake Irrlicht ya mwaka 1972, alitumia sauti za okestra zilizochezwa kinyumenyume. Sauti iliyogeuzwa hivyo huanza kimya, hukua, kisha hukatika ghafla. Katika maisha ya kila siku, sauti inayozidi kukua ni dalili ya kitu kinachokaribia, kama vile lori au mnyama. Majaribio yameonyesha kuwa watu huona sauti inayopanda imebadilika zaidi kuliko ile inayoshuka kwa kiasi kile kile. Si ajabu, basi, msikilizaji akishtuka.

Sababu ya tatu ni mazoea, nayo inaonekana vizuri huku kwetu. Gairo, katika barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, iko mahali ambapo nchi ya Wakaguru inapakana na Ugogo. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti asilia za uzi unaotetemeka. Uzi wenye sauti ya msingi ya mitetemo 100 hutoa pia, kwa unyonge, sauti za mitetemo 200, 300, 400 na kuendelea. Wagogo hutumia hasa zile za nne hadi ya tisa, yaani katika mfano wetu 400, 500, 600, 700, 800 na 900. Linganisha na piano: tukianzia 400, noti yake iliyo karibu zaidi na 700 ina mitetemo 713 hivi. Mwanafunzi aliyezoea kinanda akisikia 700 ya ilimba husema, "Imepotoka." Lakini haikupotoka, inafuata hesabu ya uzi wenyewe.

Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Watsimane wa Bolivia, watu wasiozoea muziki wa Kizungu. Sauti za kukwaruza hawakuzipenda, kama vile Wamarekani wasivyozipenda. Lakini michanganyiko ya noti ambayo masikio ya Kizungu huiona mibaya waliipendelea sawa na ile mizuri. Kwa hiyo baadhi ya wasiwasi hutoka katika maumbile ya sikio, na baadhi hufundishwa.

Tofauti hii ina uzito kwa shule zetu. Vyuma vya ilimba vikisogezwa ili vilingane na kinanda, sauti ya 700 hutoweka, na pamoja nayo hupotea elimu ambayo hayati Mzee Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka mbali. Mwaka 2002 yeye na Michael Brook wa Canada walitoa albamu Assembly, iliyounganisha muziki wa Kigogo na ala za umeme.

Walimu wanaweza kuonyesha jambo hili darasani. Kazeni waya wenye urefu wa sentimita 70 juu ya ubao. Uguse kidogo, bila kuukandamiza, sentimita 10 kutoka mwisho mmoja, upige, kisha uondoe kidole mara moja. Mtasikia sauti nyembamba yenye mitetemo mara saba ya ile ya msingi. Ilinganisheni na ilimba, kisha na kinanda. Kabla ya kusema kuwa ala fulani imekosea, tuipime.