Kompyuta Inapogoma Kuwaka: Kutambua Hatua Iliyokwama

Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kumbukumbu, diski na programu nyingine zote za kompyuta, hauamki kwa mkupuo mmoja, bali hutanguliwa na programu ndogo zinazopokezana kazi. Katika kompyuta za Windows, ya kwanza kuamka ni programu dhibiti, iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mama na ambayo katika mashine za leo huwa ya aina ya UEFI. Hiyo hukagua vifaa, kisha huingia katika sehemu ndogo ya diski iliyotengwa kwa uwashaji, ambako huikuta programu ya kuwashia, na hiyo nayo huandaa upakiaji wa kerneli, ambayo ndiyo kiini cha mfumo, pamoja na draiva, yaani programu saidizi zinazofanya kazi bega kwa bega na kerneli.

Kwa hiyo fundi makini hutafuta kwanza hatua iliyokwama. Ujumbe kwamba hakuna diski ya kuwashia humaanisha kuwa programu dhibiti haikuiona diski au haikuikuta programu ya kuwashia, na hapo hakuna faida ya kuhangaika na draiva. Skrini ya bluu inayojitokeza baada ya nembo ya Windows, kwa upande mwingine, kwa kawaida huonyesha kuwa kerneli ilikwisha kuanza kazi, ikaangushwa na draiva au faili mbovu.

Ndivyo ilivyotokea tarehe 19 Julai 2024, wakati sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta ambazo Microsoft ilizikadiria kuwa milioni 8.5. Kwa kuwa draiva ya programu hiyo hupakiwa mapema sana, kompyuta nyingi ziliisoma upya faili ile ile mbovu kila zilipowashwa, zikaanguka kabla ya kupokea sasisho la marekebisho. Tiba yake ilikuwa kuiwasha kompyuta katika hali salama, ambamo Windows hupakia draiva za lazima tu, na kuifuta faili hiyo. Lakini kazi hiyo mara nyingi ilifanywa kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine, na pale ambapo diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kinga inayosimba data zote, ulihitajika kwanza ufunguo wa tarakimu 48.

Tukio hilo linaonyesha wazi hasara ya mazoea ya kukimbilia kufuta diski na kupiga Windows upya, mazoea ambayo yamewapotezea watu picha, hesabu za biashara na tasnifu zilizokuwa salama kabisa ndani ya diski. Ikiwa kilichoharibika ni programu ya kuwashia, amri ya bcdboot huiunda upya kwa kunakili faili zake kutoka katika Windows iliyopo, bila kugusa nyaraka za mwenye kompyuta. Amri ya chkdsk, inayorekebisha mpangilio wa faili, inahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu diski inayokaribia kufa inaweza kumalizwa na usomaji wa muda mrefu; diski ya namna hiyo hunakiliwa kwanza, kwa kuiwasha kompyuta kwa fleshi yenye Linux, ndipo matengenezo yaanze.