Je, Wajua? Kete 64 za Mkomani
Bao linalochezwa barazani Mkomani, Lamu, lina mashimo 32 na kete 64 tu. Lakini kete hizo zaweza kupangika kwa njia takriban 9,900,000,000,000,000,000,000,000! Utasema mchezo wenyewe haufikii mipangilio yote. Kweli, ila hapa twahesabu kila mpangilio, hata kete zote zikijazana shimo moja. Ili kuipata idadi hiyo, zidisha namba zote kuanzia 65 hadi 95, kisha gawa kwa zao la 1 hadi 31. Namba tasa 67, 71, 73, 79, 83 na 89 zimo juu, na chini hakuna cha kuzifuta. Basi zote zaligawanya jibu bila baki. Ajabu zaidi, jibu ni witiri na lagawanyika kwa 5, hivyo tarakimu yake ya 25, ya mwisho, lazima iwe 5.